Mshindwa arudi vipi mezani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko watano hapa Mbeya, tunacheza vita vya mezani vya zama za kati kwa visanamu. Tunakutana Soweto, nyumbani kwa mmoja wetu, Jumamosi mbili kila mwezi. Mwaka huu tulianzisha kampeni, yaani mfululizo wa mapambano yanayoungana kuwa hadithi moja, ya Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa. Tulichora ramani, tukagawana miji, tukapanga kodi. Mwenzetu anayeongoza Waingereza ameshinda mapambano matatu mfululizo, ameshika nusu ya ramani, na jeshi lake sasa ni mara mbili ya jeshi la yeyote kati yetu. Wawili wameacha kuja, wanasema wametingwa na shughuli. Tulijaribu kumpunguzia askari, akakasirika. Tufanyeje? Na je, ni lazima hadithi yetu iwe ya Ulaya?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ugonjwa unaoueleza naujua, na nimeuona ukiua kampeni nyingi kuliko uhaba wa visanamu au wa nafasi ya kuchezea. Hao wenzenu wawili wangepata muda kama wangejua kuna jambo lao linalowasubiri mezani. Kwa sasa kinachowasubiri ni kupigwa mara ya nne, na jeshi kubwa kuliko lile lililowapiga mara ya tatu. Nani atoke Uyole na boksi la visanamu mapajani, kwenye daladala iliyojaa, kwa ajili ya hilo?

Mlichounda ni hesabu inayojizidisha yenyewe. Anayeshinda anapata mji, mji unaleta kodi, kodi inanunua askari, askari wanashinda pambano linalofuata. Baada ya mapambano mawili mwisho unajulikana, na kinachobaki ni kuusubiri. Dawa mliyoijaribu nayo ilikuwa kumwadhibu mtu kwa sababu amecheza vizuri. Mrudishieni askari wake na mumwombe radhi, hata kabla hamjasoma mengine niliyoandika hapa. Ukubwa wa jeshi lake si tatizo. Tatizo ni kwamba kwenu mtu akishindwa hana kazi tena. Kampeni ya hadithi inaishi pale tu anayeondoka mezani ameshindwa anapoondoka na jambo mkononi ambalo lazima alirudie.

Tazama vita hivyohivyo mlivyovichagua. Bertrand du Guesclin, mpiganaji wa upande wa Wafaransa kutoka Brittany, alitekwa kwenye pambano la Auray mwaka 1364. Akakombolewa. Mwaka 1367 akatekwa tena, safari hii Nájera, Hispania, mikononi mwa Edward, yule mwana wa mfalme wa Uingereza anayeitwa Mwanamfalme Mweusi. Akakombolewa tena. Mwaka 1370 mfalme Charles wa Tano akamfanya mkuu wa majeshi ya Ufaransa, na katika miaka kumi iliyofuata, hadi alipofariki mwaka 1380, Wafaransa walirudisha sehemu kubwa ya nchi waliyokuwa wamewaachia Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1360. Waliirudisha mji kwa mji, ngome kwa ngome, wakikwepa pambano kubwa la uwanjani. Kwa kanuni zenu za sasa, hadithi ya mtu huyu ingeishia Auray.

Kwa hiyo anzeni na mateka. Kati ya vyote nitakavyokuandikia, hiki ndicho ningekiweka kwanza, na kama mna nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisheni hiki.

Kila mchezaji ateue makapteni wanne. Kila kapteni awe na jina, mji anaotoka, na jambo moja analolitaka maishani: shamba la marehemu baba yake, kulipiza kisasi cha ndugu, ndoa na binti wa upande wa pili. Mwandikeni kwenye kadi. Visanamu vingine vyote mezani vinaweza kubaki askari tu, lakini hawa wanne ni watu. Pambano likiisha, kwa kila kapteni ambaye kikosi chake kilivunjika, rusheni dadu. Ikitoka 1, amekufa. Ikitoka 2 au 3, ametekwa. 4 au 5, ametoroka na jeraha na hatacheza pambano linalofuata. 6, ametoroka mzima. Utaona kwamba kutekwa kuna nafasi kubwa kuliko kufa. Nimeweka hivyo makusudi, kwa sababu kapteni aliyekufa hana la kuendeleza, wakati aliyetekwa anafungua mazungumzo yatakayochukua miezi.

Hapo inaingia fidia ya kumkomboa. Mateka mwenye cheo katika zama za kati alikuwa mali. Aliyemkamata alimlinda, akamlisha, akamwandikia ndugu zake. David wa Pili, mfalme wa Scotland, alitekwa na Waingereza kwenye pambano la Neville's Cross mwezi Oktoba 1346, akakaa kifungoni miaka 11, akaachiwa mwaka 1357 kwa ahadi ya kulipwa maki 100,000 (fedha ya hesabu ya zama hizo) kwa mafungu ya miaka kumi. John wa Pili, mfalme wa Ufaransa, alitekwa na Waingereza kwenye pambano la Poitiers mwaka 1356, na fidia yake ikapangwa kuwa ekyu milioni 3, sarafu za dhahabu za Ufaransa. Aliruhusiwa kurudi kwake kutafuta fedha, akaacha watu wa ukoo wake kama dhamana, akiwemo mwanawe Louis. Louis akatoroka mwaka 1363. Mfalme mwenyewe, kwa heshima ya neno lake, akavuka bahari kurudi kifungoni London, na huko akafa mwezi Aprili 1364.

Fikiria jambo hilo likitokea kwenye meza yenu. Mchezaji wa Ufaransa ana kapteni wake kifungoni. Mwingereza anataka fidia ya miji miwili. Mfaransa hana. Anaweza kuahidi mji atakaouteka baadaye, au kumtoa kapteni mwingine kama dhamana, au kuomba mkopo kwa mchezaji wa Burgundy, utawala jirani, ambaye naye atataka chake. Anaweza pia kumwachia kapteni wake aoze kifungoni, na makapteni wake watatu waliobaki wakaanza kujiuliza wao watakombolewa na nani. Hakuna hata kisanamu kimoja kilichosogezwa, lakini watu wazima watano watakuwa wakipigiana simu tangu Jumatatu. Na aliyeshindwa ndiye mwenye simu nyingi kuliko wote.

Fidia inambadilisha na mshindi. Atalazimika kuamua kama amwendee adui kwa nguvu zote au amwache na pumzi ya kutafuta fedha, maana adui aliyefilisika hawezi kulipa. Ataanza kumlinda mdeni wake. Nimeona mchezaji akituma wapanda farasi wake kwenda kumsaidia mtu aliyempiga mwezi mmoja kabla, kwa sababu mtu wa tatu alikuwa anaelekea kuuteka mji ambao ungelipia fidia. Hilo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Lilizaliwa mezani, na waliokuwepo wanalisimulia mpaka leo.

Cha pili ni tumbo na mfuko wa mshindi. Mnasema jeshi lake ni mara mbili ya jeshi lenu. Sawa, nani analilisha? Waingereza wa karne ya 14 walipigana kwa mkataba na mshahara: naiti, yaani mpanda farasi mwenye cheo aliyevaa deraya, alilipwa shilingi 2 za Kiingereza kwa siku, na mpiga upinde mwenye farasi peni 6. Shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo naiti mmoja ni sawa na wapiga upinde wanne. Chukueni uwiano huohuo, muugeuze kuwa gharama ya kila mwezi wa kampeni. Askari asiyelipwa miezi miwili anaondoka, au anakaa na kuanza kupora vijiji vya bwana wake mwenyewe. Jeshi likiwa mara mbili, deni nalo ni mara mbili. Kila mji uliotekwa pia uachiwe walinzi wanaotoka kwenye jeshi hilohilo, la sivyo urudi kwa mwenyewe mwezi unaofuata. Mwenzenu mwenye nusu ya ramani ataona jeshi lake likitawanyika kwenye miji yake bila mtu kumpunguzia hata askari mmoja.

Chakula nacho kihesabiwe. Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, alipoondoka mji wa Harfleur, Ufaransa, yapata tarehe 8 Oktoba 1415 kwenda Calais, alibeba chakula cha siku 8 hivi. Vivuko vya mto Somme vilikuwa vimezibwa na Wafaransa, akalazimika kupanda juu kuufuata mto kutafuta pa kuvukia, na tarehe 25 alipolazimika kupigana Agincourt jeshi lake lilikuwa na njaa, limeloa, na ugonjwa wa kuhara ulioanzia kwenye mazingiwa ya Harfleur ulikuwa bado unalitafuna. Alishinda, tunajua. Lakini ona pambano lile lilivyozaliwa: mto, vivuko, mikate, na tarehe. Kwa hiyo kwenye ramani yenu chora mito kwa wino mzito na uhesabu madaraja. Wewe unaishi nchi ambayo mvua za Machi zikikolea kuna kijiji hakifikiki mpaka maji yapungue. Huhitaji kufundishwa na Mfaransa maana ya kivuko.

Cha tatu, acheni kuyafanya mapambano yawe sawa kwa sawa. Pambano la majeshi yenye uzito mmoja kwenye uwanja mtupu linafaa kwa mashindano. Kwenye hadithi, aliyeshindwa mara ya mwisho ndiye achague aina ya pambano linalofuata, na aweke shabaha yake mwenyewe iliyoandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Anaweza kuchagua kulinda daraja kwa zamu sita ili mikokoteni ivuke, au kumtorosha mateka usiku, au kuchoma ghala la nafaka na kukimbia. Askari wake 20 wakikutana na 60, wale 60 wanaweza kuufagia uwanja wote na bado yeye akaondoka ameshinda, kwa sababu mikokoteni imevuka. Mwaka 1388, karibu na Newcastle, James Douglas wa Scotland alinyakua bendera ya mkuki ya Mwingereza Henry Percy, na kama Froissart, mwandishi wa tarehe wa zama hizo, anavyosimulia, Percy alimfuata mpaka Otterburn ili aichukue. Douglas akafa kwenye pambano, Waskoti wakashinda, na Percy akatekwa. Kipande cha kitambaa kiliwatoa watu ngomeni. Shabaha ndogo ya namna hiyo, yenye jina la mtu ndani yake, inabeba pambano vizuri kuliko pointi 500 kwa 500.

Mimi niko Iringa, na kila nikifundisha jambo hili kwa wachezaji wapya nawapeleka kwanza Kalenga, ingawa ni mambo ya karne ya 19 na hayahusu zama za kati hata kidogo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwavunja Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akafa palepale. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakaliteka boma la Kalenga. Kwa kanuni za kodi na miji, mchezo umekwisha: makao makuu yamekwenda. Lakini Mkwawa aliwapiganisha karibu miaka minne zaidi, porini, mpaka tarehe 19 Julai 1898. Na wewe una mfano ulio karibu zaidi na nyumbani. Ukipita Mbalizi, kumbuka kwamba Utengule ya pale ni kumbukumbu ya Wasangu wa mtawala Merere, waliosukumwa na Wahehe kutoka kwao Usangu, wakajenga ngome mpya katika nchi ya Wasafwa, wakakaa wakisubiri. Wahehe walipovunjwa nguvu, wakarudi Usangu. Mtu aliyepoteza nchi yote hakutoka kwenye hadithi. Alihamia pembeni mwa ramani, akatafuta marafiki wapya.

Wekeni kanuni hiyo mezani kwenu: anayepoteza mji wa mwisho hatolewi. Anakuwa mkimbizi katika nchi ya mchezaji mwingine, na kapteni mmoja, askari 12, na haki ya kudai kiti chake. Mwenyeji wake ataamua kumtumia, kumuuza au kumsaidia. Nimemwona mkimbizi mmoja akiwa ndiye mtu anayeogopwa kuliko wote kwa miezi mitatu, kwa sababu kila mmoja alimtaka upande wake.

Kuhusu uendeshaji nitasema machache. Miji 10 kwenye karatasi ya manila inatosha kwa watu watano. Ramani yenye miji 40 itawachosha kabla ya kuwafurahisha. Mmoja wenu awe mwamuzi asiye na jeshi, hata kwa zamu. Kila mtu amtumie mwamuzi amri zake kwa WhatsApp kabla ya Alhamisi usiku: nani anakwenda wapi, nani anaandikiwa barua, nani analipwa. Kila mkutano uwe mwezi mmoja wa kampeni, na mtangaze tangu mwanzo kwamba itakwisha baada ya mikutano minane, majira ya baridi yakiingia. Kampeni isiyo na siku ya mwisho hufa kwa uchovu, na anayeongoza akijua siku ya mwisho atalazimika kuthubutu badala ya kukaa juu ya mali yake.

Kisha kuna jambo ambalo sikulijua nilipoanza, na lilinigharimu kampeni mbili. Baada ya kila pambano, habari yake iandikwe, nusu ukurasa tu, na aiandike aliyeshindwa. Mshindi ameshapata furaha yake. Mshindwa akiandika, analieleza lile pigo kwa namna anayoweza kuishi nalo: usaliti wa jirani, matope, kapteni aliyeshikilia kilima mpaka giza likaingia. Akimaliza kuandika atakuwa tayari anajua anachotaka kufanya mwezi ujao. Msimkosoe akitia chumvi. Waandishi wa tarehe wa zama hizo nao walikuwa na mabwana wao.

Swali lako la pili nalipenda zaidi. Hapana, si lazima iwe Ulaya, na sababu zipo pwani yetu wenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hassan bin Suleiman, mtu aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ameandika kwamba sultani huyo alikuwa akienda mara kwa mara kushambulia nchi za bara, na katika ngawira alitenga sehemu ya tano kama dini ilivyoagiza, na masharifu walikuja kumtembelea kutoka Hijaz na Iraq. Alipofariki akarithiwa na ndugu yake Daud, ambaye masikini akimjia kuomba humwambia kwamba mwenye kutoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutoa.

Hapo kampeni imeshajiandika. Kalenda yenu itakuwa ya pepo: kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi inayarudisha, na kila mchezaji anajua kwamba mali na wageni wana msimu wao. Dhahabu inatoka Sofala, kusini, pwani ya Msumbiji ya leo. Kila ngawira ina sehemu ya tano ambayo sultani akiigawa anapata sifa na washirika, akiila anapata askari leo na upweke kesho. Katikati ya kampeni sultani anafariki, Daud anakalia kiti, na marafiki walionunuliwa kwa ukarimu wanaanza kuhesabu faida yao. Nakusihi jambo moja tu: watu wa bara wasiwe windo la kuporwa. Wawili kati yenu wawe wakuu wa bara, wenye makapteni wao wanne, njia zao za pembe za ndovu na uwezo wa kuzifunga, na visasi vyao. Tatizo ni visanamu, maana vinavyouzwa ni vya Ulaya. Hilo lisiwazuie. Nimecheza kampeni nzima kwa watu wa karatasi ngumu, urefu wa sentimita 3, waliochorwa kwa mkono na kugandishwa kwenye vifuniko vya soda.

Lakini msiache ya Ufaransa ikiwa imelala njiani. Jumamosi ijayo msipigane. Wapigie wale wawili, waambie mwaliko si wa pambano. Kila mmoja achague kwenye orodha ya yale mapambano matatu kapteni mmoja ambaye kikosi chake kilivunjika, ampe jina, na mkubaliane kwamba hakufa, alitekwa. Mtakuwa na mateka wasiopungua wawili mikononi mwa Mwingereza. Mwingereza ataje fidia kwa sauti, mbele ya wote. Wapeni wenye mateka wiki mbili za kujibu.

Kisha niandikie walijibu nini.